Kwa nini chembe za filamu ninazotengeneza kwenye kompyuta zinakaa juu ya picha, haziingii ndani?

#1 JichoKavu
Wakuu salaam.

Hii ni wiki ya tatu nahangaika na jambo moja. Napiga kwa kamera ya dijitali, nageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, kisha naongeza chembe (vile vidoa vidogo vinavyoonekana kwenye picha za filamu) ili ipate sura ya filamu. Nafuata kanuni ile ile inayozunguka kila mahali: leya mpya, najaza kijivu cha asilimia 50, naiweka kwenye modi ya ovalei (leya inang'arisha au kutia giza picha iliyo chini), namwaga noizi (vidoa vya bahati nasibu), nafifisha kidogo kwa ukungu wa Gauss, yaani nalainisha kingo, basi. Ninachopata ni picha safi iliyomwagiwa mchanga. Ukiitazama unaona vitu viwili, picha na mchanga. Nikichukua picha ya filamu iliyoskaniwa, hata yenye chembe nene kuliko zangu, naona kitu kimoja tu.

Nimepandisha kiasi, nimeshusha, nimechezea vitelezi vyote vitatu vya chembe kwenye programu ya Lightroom. Mchanga ni ule ule, unabadilika unene tu.

Dai langu, na mnipinge kwa hoja: chembe za filamu haziigiki. Tunajidanganya.

#2 MsomajiKimya
Nimevuta kigoda. Wajuzi wanakuja.

#3 NusuKijivu
Mkuu usikate tamaa mapema. Mchanga wako umeusambaza sawasawa kwa kila mwangaza, na filamu haifanyi hivyo. Tazama chapa nzuri, yaani picha iliyotolewa kwenye karatasi, ya nyeusi na nyeupe: weusi mzito ni weusi mtupu, weupe mkali ni weupe wa karatasi, chembe zote zimejazana kwenye kijivu cha kati, hasa angani na kwenye ngozi. Noizi ya kamera ni kinyume chake, yenyewe hukaa vivulini.

Weka barakoa ya mwangaza (inayochagua sehemu za picha kwa mwangaza wake) kwenye leya yako, ziache chembe katikati, zipunguze pande zote mbili. Anayetumia programu ya darktable ana kitelezi cha kuegemeza chembe kwenye kijivu cha kati, kimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Umemaliza.

#4 KipeuoChaPili
NusuKijivu hapo #3, ovalei inalifanya hilo yenyewe. Kwa hesabu yake, pikseli nyeusi tii inabaki nyeusi na nyeupe pe inabaki nyeupe, hata uweke nini juu yake. Mleta mada alikuwa na barakoa yako tangu mwanzo bila kujua. Ukimwongezea nyingine unapunguza mara mbili.

#5 JichoKavu
Nimejaribu ya #3 hata hivyo. Vivuli vimetulia. Angani bado mchanga.

#6 FundiWaGiza
Vijana hamjambo. Nimekaa chumba cha giza miaka kumi na moja, nikisafisha filamu na kukuza picha, kwa hiyo mnivumilie niseme kidogo.

Tuanze na chembe yenyewe. Filamu imepakwa emalsheni, jelatini iliyojaa fuwele za fedha halaidi. Fuwele iliyopigwa na mwanga hupata alama isiyoonekana. Dawa ya kusafishia huzigeuza fuwele zenye alama kuwa fedha halisi, ambayo ni nyeusi. Zilizobaki huondolewa na dawa ya kugandishia. Fuwele moja ni kitu cha mikroni moja hivi, nyingi ziko chini ya hapo. Huioni kwa macho, na huioni hata ukikuza negativu (filamu iliyosafishwa, ambayo giza na mwanga vimegeuzwa) mara kumi. Unachokiona na kukiita chembe ni marundo: fuwele zimelala juu ya fuwele ndani ya unene wa emalsheni, hapa zimebanana, pale zimeachana, bila mpango wowote.

Halafu kuna hili ambalo nimewahi kubishana nalo na watu wazima. Kwenye chapa, vile vidoa vyeusi unavyoviona angani si chembe. Ni mianya kati ya chembe. Mwanga wa mashine ya kukuzia umepita kwenye mwanya wa negativu na kuichoma karatasi. Unatazama pale fedha isipokuwepo.

Kuhusu #3, matokeo umeyasema sawa, sababu hukuisema. Kwenye negativu, chembe huongezeka kadiri negativu inavyokuwa nzito, yaani kwenye sehemu zilizopata mwanga mwingi. Karatasi ndiyo inayozificha, maana kontrasti yake hulala kwenye ncha zote mbili, kwenye weupe na kwenye weusi. Katikati ndiko karatasi inakosimama wima, ndiko inakozianika.

Na nimalizie kwa kusema, sisi kazi yetu ilikuwa kusafisha picha. Nyie mnazichafua kwa makusudi, tena mnalalamika kwamba hazichafuki vizuri.

#7 MpigaZogo
Kumbe chembe ni fedha? Ndiyo maana picha zangu hazina hata moja. Hata mwenye kamera mwenyewe hana.

#8 BintiLenzi
😂😂 #7 acha watu wasome.

Mzee Fundi ahsante kwa nondo. Ila naona wote mnaujadili mchanga, hakuna anayeijadili picha iliyo chini yake. Swali la JichoKavu ni kwa nini anaona vitu viwili. Jibu langu: kwa sababu ni vitu viwili. Picha ya dijitali ina undani wa pikseli moja, chembe alizoziweka zina upana wa pikseli tatu. Kope za jicho ni kali kama wembe, halafu juu yake kuna punje nene kuliko kope. Kwenye filamu jambo hilo haliwezekani. Undani umebebwa na chembe zenyewe, kwa hiyo hakuna mstari unaoweza kuwa mwembamba kuliko kile kilichouchora.

Mimi hufanya hivi: kabla ya kuongeza chembe naififisha picha yenyewe kidogo, nusu pikseli hadi pikseli moja kwa faili kubwa, kisha nazima kabisa kunoa (kule kuongeza ukali wa kingo). Chembe ndizo zinazorudisha ukali. Jicho hudanganyika, picha laini yenye chembe huonekana kali kuliko ile ile isiyo na chembe. Nilianza baada ya kuharibu picha nyingi za sura za watu, ngozi zao zilikuwa kama zimepakwa semolina.

#9 NusuKijivu
Kufifisha picha uliyoilipia lenzi nzuri? Hapana, hiyo siungi mkono.

#10 BintiLenzi
Basi baki na mchanga wako, kaka.

#11 KipeuoChaPili
Tuweke namba mezani ili tujue tunabishana kuhusu nini.

Fremu ya filamu ya 35 mm ina upana wa mm 36. Ukiwa na faili ya pikseli 6000 kwa upana, pikseli moja inawakilisha mikroni 6 za filamu. Kwa hiyo fuwele za mzee Fundi ni ndogo kuliko pikseli, na anachosema kuhusu marundo kinasimama.

Chembe za filamu hupimwa. Inachukuliwa filamu iliyosafishwa ikawa na uzito (kiasi inavyozuia mwanga) wa karibu 1.0, inapitishwa chini ya tundu la mikroni 48, unapimwa mtawanyiko wa uzito huo, namba inazidishwa kwa 1000. Kodak waliipa filamu yao ya Tri-X 400 namba 17, T-Max 400 wakaipa 10, T-Max 100 wakaipa 8. Namba 17 maana yake mtawanyiko ni 0.017.

Sasa punguza tundu liwe sawa na pikseli yetu. Eneo la tundu ni kama mikroni 1810 za mraba, la pikseli ni 36. Uwiano ni 50, kipeuo cha pili chake ni 7. 0.017 mara 7 ni 0.12 hivi. Uzito wa 0.12 ni tofauti ya mwanga ya takriban asilimia 30 kutoka pikseli hadi pikseli! Kwa T-Max 400 ni 0.07, kama asilimia 18.

Watu wengi huweka asilimia 5 au 6, wanaogopa, kisha wanafifisha na kuzipunguza tena. JichoKavu, huenda hujachafua vya kutosha.

#12 FundiWaGiza
Kipeuo, hesabu nzuri ila umechapia mahali pawili.

La kwanza, umepima negativu. Mtu hatazami negativu, anatazama chapa, na karatasi ina kontrasti yake, ngumu au laini. Karatasi ngumu hukuza chembe pamoja na kila kitu kingine. La pili, kati ya negativu na jicho kuna lenzi, ama ya mashine ya kukuzia ama ya skana. Lenzi haipitishi undani wote wa mikroni 6 ukiwa mzima, inaulainisha. Hiyo asilimia 30 yako haifiki ng'ambo ikiwa 30.

Na umesahau dawa. Tri-X ile ile ukiisafisha kwa Rodinal, dawa iliyokuwepo tangu 1891, unapata chembe kali zenye kingo. Ukiisafisha kwa D-76 isiyozimuliwa, ile salfaiti ndani yake, gramu 100 kwa lita, inayeyusha fuwele kidogo na chembe zinalainika. Filamu moja, sura mbili. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitelezi kilichoandikwa Tri-X, muulize Tri-X iliyosafishwa kwa nini.

#13 KipeuoChaPili
Nakubali yote mawili. La dawa sikulijua kabisa.

#14 PikseliPweke
Jamani mnazunguka mti. Mleta mada amesema zake ziko juu ya picha na za filamu ziko ndani. Yuko sahihi neno kwa neno. Kwenye filamu hakuna picha iliyoongezewa chembe, picha ni chembe. Noizi ya Gauss unaijumlisha kwenye picha iliyokwisha kamilika. Hata ukiipima vipi, umejumlisha.

Njia ya haki ni kuijenga upya. Mwaka 2017 Alasdair Newson na wenzake, Julie Delon na Bruno Galerne, walichapisha namna ya kufanya hivyo. Unarusha vijiduara kwa bahati nasibu, vingi panapotaka mwangaza, vichache panapotaka giza, kisha unaitazama picha kupitia vijiduara hivyo. Hakuna leya ya chembe hapo. Faida yake ni kwamba haitegemei pikseli: unaweza kukuza upendavyo, ukifika ndani sana unaona vijiduara vyenyewe.

#15 KipeuoChaPili
Hiyo kazi naijua na naiheshimu, ila itazame hoja yako kwa makini. Kijiduara kipo au hakipo. Pakifunikwa kwa sehemu p, mraba wa mtawanyiko ni p mara (1 toa p). Ni sifuri pakiwa patupu, sifuri pakijaa, na juu kabisa katikati. Yaani kilima kile kile cha #3, kimejitokeza chenyewe.

Vijiduara vikiwa vingi ndani ya pikseli moja, jumla yao inakaribia mgawanyo wa Gauss (ule wa umbo la kengele), utake usitake. Kwa hiyo kwa mtazamaji wa kawaida, picha iliyojengwa na vijiduara, na picha iliyojumlishiwa noizi ya Gauss yenye kilima sahihi na ukubwa sahihi wa marundo, ni kitu kimoja. "Ndani" na "juu" ni maneno tu.

#16 PikseliPweke
Vikiwa vingi. Ukikuza sana haviwi vingi. Na kwenye kingo je? Ukingo wa filamu umekatika kwa sababu chembe zimeishia pale. Ukingo wako umenyooka, noizi inapita juu yake kama haujui upo.

#17 KipeuoChaPili
Kwenye kingo nakupa nusu pointi.

#18 BintiLenzi
Na kingo ndizo nilizozisema #8, kwa lugha ya jikoni.

#19 MpigaZogo
Mimi naelewa posti zenye semolina tu.

#20 Tambarare
Naingia na kisa changu. Niliandaa mfululizo wa picha ishirini na kitu za kuning'inizwa ukutani. Sikutaka noizi ya kompyuta, nikaamua kutumia chembe halisi. Nilipiga karatasi ya kijivu nje ya fokasi kwa filamu, nikaisafisha, nikaiskani, nikaondoa tofauti pana za mwangaza, nikabaki na bamba la chembe tupu. Nikaliweka juu ya kila picha kwa ovalei. Kila picha peke yake ilipendeza, nawaambieni, hakuna kanuni ya programu iliyowahi kunipa kile.

Zilipowekwa ukutani kwa mstari, mtoto ndiye aliyegundua. Rundo moja jeusi lenye umbo la koma lilikuwa kona ya juu kulia ya kila picha. Zote. Tangu siku ile nina mabamba kadhaa, na kila picha nageuza, nazungusha, nasogeza.

Ila angalizo: ukiskani, unaskani na skana. Nusu ya ukali wa chembe kwenye bamba langu la kwanza ulikuwa ni noizi na kunoa kwa skana yenyewe, si filamu. Nashuku wengi tunaosema "sura ya filamu" tunakumbuka sura ya skana.

#21 FundiWaGiza
Tambarare, hiyo sentensi ya mwisho ingefunguliwa uzi wake. Nimeona picha nilizokuza mimi mwenyewe, zikaskaniwa, sikuzitambua kwa chembe zilizozidi.

#22 Kifundo
Samahani kwa kuchelewa. Kwa picha za rangi je? Nikiweka noizi ya rangi inaonekana kama kamera mbovu ya usiku. Nikiweka ya kijivu inaonekana bandia.

#23 NusuKijivu
Filamu ya rangi ina tabaka tatu, kila moja na fuwele zake za fedha. Weka noizi tofauti kwa kila chaneli (nyekundu, kijani, bluu), kisha punguza ukolezi wa rangi wa noizi hiyo hadi karibu theluthi. Fedha zilizolala tabaka tofauti ndizo zinazokupa vidoa vya rangi.

#24 FundiWaGiza
Hapana mdogo wangu. Kwenye filamu ya rangi iliyokwisha safishwa hakuna fedha. Inaondolewa yote kwa blichi na dawa ya kugandishia. Kinachobaki ni vijiwingu vya rangi vilivyojitengeneza kuzunguka pale fuwele ilipokuwa. Ni laini, havina kingo. Kwa hiyo kwa picha ya rangi fifisha chembe zaidi kuliko za fedha.

Na ipo filamu ya nyeusi na nyeupe inayosafishwa kwa dawa za rangi, kama XP2 ya Ilford. Nayo ni vijiwingu tu. Ukiipa mwanga zaidi, vijiwingu vinapandana na kuziba mianya, chembe zinapungua. Filamu ya fedha ukiipa mwanga zaidi, zinaongezeka. Usichanganye.

#25 NusuKijivu
Nimesahihishwa. Ile theluthi hata hivyo inafanya kazi.

#26 PunjeKumi
Wote mmesahau jambo la kijinga kuliko yote: mnaongeza chembe lini? Nilikuwa naongeza kwenye faili ya pikseli 6000, natazama kwa asilimia 100, naridhika, kisha napunguza hadi 1080 ili niipandishe mtandaoni. Hapo pikseli 30 zinakuwa moja, na chembe za pikseli moja moja zinafifia zaidi ya mara tano. Zimekwisha. Nikakasirika, nikaongeza mara tano, sasa nikawa na changarawe kwenye faili kubwa.

Punguza kwanza, chembe mwisho. Na baada ya chembe usinoe tena.

Halafu kuna JPEG, aina ya faili inayobana picha. Inaikata picha miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuanza kutupa undani mdogo mdogo, na chembe ni undani mdogo mdogo. Ukiibana sana, anga lako linapata mabaka badala ya chembe. Faili yenye chembe ni nzito kwa sababu hiyo hiyo, bahati nasibu haibaniki. Kifundo, chembe zako za rangi hapo #22 zinakufa za kwanza, kwa kuwa JPEG mara nyingi hupunguza chaneli za rangi hadi nusu kwa upana na nusu kwa urefu.

#27 Tambarare
Wenye video wanalijua hilo vizuri. AV1, mfumo wa kubana video uliotoka 2018, una ujanja wake: inazifuta chembe kabla ya kubana, inatuma maelezo machache ya chembe zilivyokuwa, ukubwa wake na nguvu yake kwa kila mwangaza, kisha kifaa chako kinazitengeneza upya wakati wa kutazama. Unatazama chembe ambazo hazikuwahi kuwa kwenye filamu yoyote.

#28 PikseliPweke
Inaruhusu, hailazimishi. Si kila video ya AV1 imefanyiwa hivyo.

#29 Tambarare
Sawa, inaruhusu. Na kwa wanaoongeza chembe kwenye video wenyewe: badilisheni bamba kila fremu. Chembe zikisimama picha ikitembea, unaona kioo kichafu.

#30 MpigaZogo
Swali la mjinga: kwa nini msinunue filamu tu?

#31 FundiWaGiza
Soma #7 uliyoandika mwenyewe.

#32 JichoKavu
Wakuu nimerudi. Ahsanteni, sikutegemea uzi ufike huku.

Nimefanya hivi. Nimepunguza picha hadi pikseli 2000, nimeififisha kwa 0.6, nimezima kunoa, nimeongeza noizi karibu mara mbili ya niliyokuwa naweka, nimeififisha noizi kwa 0.8, ovalei bila barakoa ya ziada. Kwa mara ya kwanza naona kitu kimoja. Anga limeshikana na mti. Hata ile michirizi ya ngazi ngazi iliyokuwa kwenye anga imepotea. Nimeweka mbili hapo chini, A ni ya zamani, B ni mpya.

Dai langu la #1 nalirudisha nusu.

#33 KipeuoChaPili
Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Sasa tutajuaje nani alikuwa sahihi?

#34 BintiLenzi
Mimi. Amefifisha picha.

#35 PunjeKumi
Amepunguza kwanza, dada. Soma mstari wa kwanza.

#36 NusuKijivu
Na hakuweka barakoa, kwa hiyo weusi wake una vumbi. Nimepandisha mwanga wa skrini nikaliona.

#37 FundiWaGiza
Ichape kwenye karatasi, uitazame ukiwa umeishika mkononi. Kubishana kuhusu chembe kwenye skrini ni kuonja mchuzi kwa kuutazama.

#38 BintiLenzi
JichoKavu, hebu nijibu kitu. Hizo A na B umezipandisha kama JPEG? Kwangu anga la B lina miraba miraba.

#39 JichoKavu
Nilipandisha PNG, faili isiyotupa undani. Jukwaa ndilo limezibana.

#40 KipeuoChaPili
Kwa hiyo #34 hadi #37 tumekuwa tukijadili ubanaji wa jukwaa?

#41 JichoKavu
Nazifunga kwenye zipu, nazipandisha upya jioni. Kila kitelezi na faili yake.

#42 MsomajiKimya
Kigoda bado kipo. Mimi nilikuwa naipenda A.